Viatu vya Mjomba Baraka

Nikiri ujinga wangu kwanza: niliimwaga dawa ya mjomba Baraka kwenye sinki, nikajaza chupa maji yenye rangi ya kijani, nikakaa kusubiri kucheka. Nilikuwa na miaka saba, nikidhani ni juisi anayotunyima.

Niliikumbuka siku hiyo Jumamosi iliyopita, nilipomwona kanisani kwetu Tottenham akiwapakulia watu wa mtaa maharagwe, yeye na wenzake wawili wa genge la zamani. Maharagwe yaliungua, kama kawaida yao.

Jumapili ile ya utotoni mwangu mjomba aliionja dawa, akatema, akadhani famasi imemkosea. Famasi yenyewe ilikuwa imefungwa. Kufikia alasiri alikuwa akitetemeka kwenye kochi, jasho likinuka kama sarafu, nami nikamwambia, "Mjomba, unacheza vibaya." Sikujua kwamba dawa hiyo ndiyo iliyokuwa ikimzuia asirudie heroini.

Chini kwenye ngazi mtu wa genge lake akapiga mluzi mara mbili. Mjomba akainuka kutafuta viatu, lakini mama alikuwa ameshaviokota mlangoni.

"Dada, nipe. Nafika dukani tu."

"Duka gani, Baraka?"

Sauti ya mama ilinitisha, nikasema nilichofanya. Nikasubiri kofi. Badala yake alinikalisha chini, mgongo mlangoni, akanipakatisha vile viatu vizito vilivyonuka mvua.

"Usimpe," akasema, "hata akikulilia. Dawa umemwaga wewe, basi mpaka kesho dawa yake ni wewe."