Tangi Linaishia Kwenye Mti

Uongo! Wewe unayesema Msimamizi wetu ndiye aliyemuua yule mtoto wa Kikole, njoo uniambie usoni, usinisemee kijiweni. Nimepuliza mikorosho chini yake misimu saba. Nina miaka ishirini na nane na mashine nimeshaitua, kwa hiyo kwenye kazi hii mimi ni mstaafu. Wadogo zangu mnaoingia sasa, nisikilizeni.

Siku ya kwanza niliripoti Miteja na kandambili. Msimamizi akanitazama miguu. "Wewe, unakwenda kuoga?" Kundi zima likacheka. Halafu akavua buti zake akanipa, yeye akashinda na raba zilizotoboka. Chuo sijasoma. Nimejifunza kwa macho na kwa kuungua. Salfa ni ule unga wa njano wa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa unaokausha maua. Tuliupuliza alfajiri, umande ukiwa bado majanini, ili ushike. Dawa ya maji ni ya wadudu. Ukiichanganya inakuwa nyeupe kama maziwa. Shikeni hapo.

Ubaya wake, kupuliza kunaangukia likizo ya Juni. Kipupwe kinauma, shule zimefungwa, kijijini hakuna wa kumwachia mtoto, kila familia inahamia shamba na watoto wake. Kwa hiyo Msimamizi, kabla hajavuta kamba ya mashine, anawaita watoto wa shamba kwa majina. Akikosekana mmoja, mashine haiwaki.

"Bosi, umande unakauka!"

"Ukauke. Korosho za mwakani zipo. Huyu mtoto akipotea, mwingine utampata wapi?"

Sheria yake ya pili: tangi linaishia kwenye mti. Dawa ikibaki, unapuliza mpaka tone la mwisho. Haiingii kwenye chombo cha mtu.

Msimu wangu wa saba tukapangiwa Kikole, shamba la Bi Somoe. Mjukuu wake, Zainabu, darasa la pili, alikuja likizo. Aliniita Mjomba Salfa. "Mjomba Salfa, nyusi zako zimeiva!" anapiga kelele, halafu anakimbia.

Siku ya mwisho Msimamizi alitangulia shamba la pili. Bi Somoe akanifuata nikiwa na tangi la dawa ya maji mgongoni.

"Mwanangu, miti yangu mitatu ya nyuma ya jiko hamjaigusa. Nibakizie hicho kidogo, nitainyunyizia kwa ufagio."

"Bibi, Msimamizi hataki."

"Msimamizi hana bibi kwao? Au na wewe umekuwa mkubwa kwangu?"

Mzee kakuomba, kakupikia uji siku nne, utamkatalia vipi? Nikamtilia kwenye chupa ya maji ya kunywa. Kifuniko nikakaza mwenyewe. Nikamwambia, "Weka juu, bibi." Akaiweka kibandani, pembeni ya mtungi, maana alikuwa anakwenda kutafuta ufagio.

Zainabu akarudi na kuni, ana kiu. Akaona maziwa.

Nilisikia bibi akipiga yowe. Tukampakia kwenye pikipiki, mimi nimempakata. Alisema, "Mjomba, tumbo," mara mbili. Zahanati hatukufika.

Jioni Mwenyekiti wa kijiji akauliza nani katoa dawa. Nikafungua mdomo. Msimamizi akaniwahi: "Kundi langu, tangi langu. Niandikeni mimi." Mimi ninayegombana na kila mtu, siku hiyo nikafunga mdomo. Toka hapo hakuna shamba linalomwita. Anauza miwa barabarani, watoto wanakatazwa kununua kwake.

Watu wanadhani nimestaafu kwa sababu ya kifua. Kifua kinauma, kweli, ila nimeacha kwa sababu kila nikiinua tangi nasikia mtu ananiita Mjomba Salfa. Bi Somoe hajanitaja mpaka leo. Nikimpa shikamoo, anaitikia marahaba akiangalia chini.

Basi natajwa leo, na najitaja mwenyewe. Dawa nilimimina mimi. Kesho kijiweni semeni jina langu, la Msimamizi muachane nalo. Lakini kabla hujaanza kunisema, Juni ndiyo hiyo na watoto wanakuja: ile chupa uliyoichomeka kwenye makuti ya jikoni kwako ina nini?