Udongo Aliouacha Bi Zuhura

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliposhika jani la mmea na kidole kikazama ndani kama kwenye ndizi iliyooza.

Mmea haukuwa wangu. Ulikuwa wa Bi Zuhura, fundi cherehani wa Tanga aliyenipa kitanda hapa ugenini, mtaa huu wa Bertrams, nilipofika kijana kutoka Bukavu. Unaujua, ule wanaouita mmea wa nyoka, majani magumu yaliyosimama wima. Alipokwenda kwao kumzika dada yake alinikabidhi ufunguo na neno moja tu: nisiuguse mmea, maji atautilia mwenyewe akirudi. Wiki hizo wageni tulikuwa tunasakwa mitaani, maduka yanafungwa mchana. Nikawaza, huu ukifa mama huyu atanifukuza, nami sina pengine pa kulala.

Hofu ikanitoa akili. Nilitazama chungu chake, mchanga na vijiwe tu, nikauonea mmea huruma. Sisi wa Bukavu tunaringia udongo mweusi, si unatujua? Nikanunua mfuko wake, nikachanganya na samadi, nikauhamishia humo na kuumwagilia kila asubuhi. Jani lilipolegea, nikaongeza maji. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nikauficha nyuma ya pazia, lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Bi Zuhura aliporudi, kabla sijamaliza shikamoo alikuwa ameshavuta pazia. Harufu ilimpokea kwanza. Nilisimama nikisubiri kuambiwa nikusanye nguo zangu.

Alikaa sakafuni, akachomoa mizizi iliyogeuka uji.

"Huu ni ndugu yake mkonge," akasema. "Baba yangu kakata mkonge maisha yake yote. Haufi kwa kiu, hufa kwa kushibishwa maji. Wewe uliogopa, ndiyo maana hukuweza kuuacha."

Hakunifukuza. Alikata kipande cha jani kilichobaki kizima, akakianika siku kadhaa hadi kidonda kikakauka, ndipo akakichomeka mchangani. Kwa miezi niliogopa hata kukitazama.

Chungu hiki unachohama nacho leo kwenda mtaa wa Yeoville ni uzao wa kipande kile. Ukibadilisha udongo, tia mchanga mkubwa wa mto sehemu mbili, udongo sehemu moja, na chungu kiwe na tundu chini. Usitie maji mpaka ukauke kabisa. Na mtu umpendaye usimlinde mpaka akakosa pumzi. Nakwambia hili mimi ninayekupigia simu mara nne kwa siku kuuliza umefika wapi. Mji huu sijauamini bado, mwanangu, naogopa hata sasa unapofunga mabegi. Lakini nimeamua nitapiga mara moja tu, jioni, na usipopokea nitakaa na hofu yangu mwenyewe.

Nenda. Mungu akutangulie mlangoni, na mizizi yako ishike.