Mwalimu Laurencia Alipoambiwa Akae

Alipostaafu ualimu, Laurencia hakukimbilia kulima alizeti kama wenzake. Alisomea usaidizi wa kisheria, akapewa cheti na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, na tangu hapo watu wa Ganako wakawa wanamfuata kwa mambo ya mirathi, mipaka ya mashamba na matunzo ya watoto. Kitu kimoja tu hakuruhusiwa: kusimama mahakamani kumsemea mtu. Hiyo ni kazi ya wakili, na mawakili wa bure ni wa kuagizia Arusha.

Mwaka jana, msimu wa vitunguu, Hyasinta alimjia analia. Laurencia alimfundisha tangu darasa la kwanza hadi la saba. Sasa ni mama mtu mzima, mumewe kamkimbia, anaishi na mama mkwe na binti wa miaka sita aitwaye Sabina. Alikuwa amekwenda Mang'ola kung'oa vitunguu siku kumi. Nyuma huku, Sabina akajimwagia uji wa moto mguuni. Bibi akamtibu kwa majani. Siku ya nne kidonda kikaanza kunuka, jirani akambeba hadi zahanati, na muuguzi akapiga simu ustawi wa jamii. Hyasinta aliporudi, mtoto keshapelekwa kwenye makao ya watoto na shauri limeshafunguliwa.

"Mwalimu, wanasema nimemtelekeza."

"Hukumtelekeza. Ulimwacha na nani?"

"Na bibi yake."

"Ukaacha nini ndani?"

"Unga, maharage, mafuta. Na simu."

"Basi sema hivyohivyo. Ukisema 'nilimwacha' ukanyamaza, wamekumaliza."

Siku tatu walifanya mazoezi jikoni kwa Laurencia, na Hyasinta aliyasema vizuri, hadi akaanza kutabasamu. Wakili akapatikana. Lakini asubuhi ya shauri wakili akapiga simu: ameitwa kwenye kesi ya mauaji, waombe tarehe nyingine. Waliomba. Hakimu akatikisa kichwa.

"Mambo ya watoto hayasubiri," alisema.

Sabina alikuwa amekaa karibu na matroni wa makao, bandeji mguuni, viatu vipya, akimchungulia mama yake. Hakuna aliyemuuliza chochote. Hakukuwa hata na mtu wa kumsemea.

"Ulimwacha mtoto ukaenda vibarua?" hakimu alimuuliza Hyasinta.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Siku kumi?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Akaungua, wewe huna habari?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Laurencia aliijua ndiyo ile. Ni yeye aliyeipanda, kwa fimbo, darasa baada ya darasa: mkubwa akiuliza, jibu ndiyo, tazama chini, usibishe. Hyasinta alikuwa mwanafunzi mwenye adabu kuliko wote.

Akasimama.

"Mheshimiwa, huyu mama alimwacha mtoto na..."

"Wewe ni wakili?"

"Hapana, mheshimiwa. Msaidizi wa kisheria."

"Basi kaa, mama."

Akakaa.

Amri ikatoka: Sabina abaki makaoni miaka mitatu. Mtoto alidhani yamekwisha, wanakwenda nyumbani. Akamkimbilia mama yake, akaikamata kanga yake. Matroni akambandua vidole, kimoja kimoja, bila ukali.

Wakili yule alifika kwa Laurencia baada ya miezi mitano, binti mdogo mwenye bidii. Alilisoma jalada kwa dakika kumi, akiwa bado hajagusa chai aliyotengewa.

"Nyumbani kwao alikwenda nani kuchunguza?" aliuliza.

"Hakuna," alijibu Laurencia. "Walimhoji jirani kwa simu."

"Na hakuna aliyeliuliza hilo mahakamani? Mwalimu, hapa hakimu angeweza kumrudisha mtoto siku ileile, afisa ustawi akawa anamtembelea kwao. Lilihitaji kusemwa tu."

Laurencia angeweza kunyamaza. Hyasinta hakuwapo. Lakini jioni alikwenda kwake, akamkuta anachambua maharage na mama mkwe, akamweleza yote, neno kwa neno.

Hyasinta aliusukuma ungo pembeni.

"Siku ile ulikuwa unalijua hilo la uchunguzi, mwalimu?"

"Nilikuwa nalijua."

"Na ulipoambiwa ukae, ukakaa."

Laurencia angeweza kusema sheria hairuhusu, na ingekuwa kweli. Mama mkwe akamkaribisha uji. Akasema ameshiba.

Maombi mapya yakapelekwa, ikapangwa tarehe ya mbali. Siku ilipofika, Hyasinta alikwenda na wakili tu. Alimtumia Laurencia ujumbe mfupi: asihangaike kuja. Laurencia alikivua kitambulisho, akakitia kabatini, na siku hiyo alishinda shambani akipalilia mahali palipokwisha kupaliliwa.