Kuku Anatagia Kwenye Kiti cha Mwanangu

Admin, weka hii lakini jina langu lifiche, maana hapa Keroka najulikana kuliko chumvi.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, na kusema ukweli Mungu alinipendelea. Nyinyi mnaoandika hapa mkilia mmeachwa, mimi huwasoma mguu juu ya meza nikicheka. Napeleka ndizi Nairobi kwa lori, Mombasa nimelala, Kampala wananisalimia kwa jina. Shule niliachia darasa la saba, lakini kwa mambo ya ndizi hakuna profesa wa kunidanganya. Na mke ninaye, mrembo wa Gesima, hata sasa ninapoandika yuko hapa kando ananikuna mgongo. Kwa hivyo sitaki pole zenu. Nataka tu watu wa kunisaidia kudharau ukoo wangu, maana peke yangu nimechoka.

Tuna mtoto mmoja wa kiume, mwaka mmoja na nusu. Mimi humuita Bosi kwa sababu hafanyi kazi na sisi wote tunamtumikia. Alipozaliwa alichelewa kulia. Miezi ikaenda, watoto wa rika lake wanakaa, yeye shingo imelegea na vidole vimekunjwa ngumi. Hospitali wakasema ni mtindio wa ubongo, wakatutuma kwa mama mmoja wa mazoezi ya watoto huko Kisii mjini. Hakututisha na hakutudanganya. Alisema, "Baba, hii haiponi kama malaria. Lakini ubongo wa mtoto mdogo bado unajifunza. Tukimfundisha sasa kukaa na kushika, atashika mengi. Mkingoja akuwe, misuli itakaza, na hapo tutatoa jasho jingi tupate kidogo."

Tukaanza. Kliniki kila wiki, na nyumbani kila asubuhi mke wangu anamlaza kwa tumbo juu ya leso, anamfungua vidole kimoja kimoja, anaweka ndizi pembeni ili ageuze shingo aitafute. Fundi mmoja wa Masimba akamtengenezea kiti chenye pembe, cha kumshika mgongo asianguke. Siku Bosi aliposhika ndizi mwenyewe akaiponda usoni, nilipiga nduru mpaka ng'ombe wa jirani akakata kamba.

Sasa njooni muone werevu wa kwetu. Sisi Wakisii mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyekufa. Bosi tulimpa jina la marehemu baba ya mke wangu. Kaka yangu mkubwa, mtu ambaye akivaa koti tu anajiona waziri, akaita kikao akakohoa.

"Shida ya huyu mtoto ni jina. Babu yetu ameona amerukwa. Ndiye amemshika miguu."

Nikamuuliza, "Na shingo ameshika nani? Karani wake?"

Mama yangu akanikazia macho. "Yaya, tata! Hapana, baba, usicheke wafu."

Hebu fikirieni. Babu ambaye akiwa hai hakuwahi kubeba mtoto hata akilia, leo ndiye daktari wa watoto! Wakachinja mbuzi, wakabadilisha jina, wakala. Mimi pia nilikula, mbuzi hakuwa na makosa. Nikadhani yameisha.

Kumbe mama alikuwa na masharti. Ati mazoezi yakome. "Mkiendelea kumvuta mtoto mikono, babu ataona hamumwamini. Mpeni nafasi afanye kazi yake." Siku ya kliniki mama anaamka mapema kuliko sisi, anamfunga Bosi mgongoni, anapotea naye huko ndani ya shamba la majani chai mpaka gari zimepita. Majirani anawaambia mke wangu anavunja mtoto mifupa. Juzi nimerudi kutoka Nairobi nakuta kile kiti kiko jikoni kwa mama, kimejazwa nyasi, kuku anatagia. Naye Bosi ngumi zimerudi. Ndizi ameacha kuitafuta.

Mke wangu hakupiga kelele. Alisema, "Baba Bosi, tupange chumba hapo Keroka, hata kimoja. Hapa mtoto wetu anarudi nyuma."

Nyinyi mtasema hama tu, mwanaume mzima. Ngojeni. Mimi ni kitinda mimba. Kwetu kitinda mimba ndiye hubaki na mama, na mama yangu ni mjane. Hubebi godoro ukaenda kupanga mjini kama mtu asiye na kwao. Kaka amesema, "Ukihama, usirudi hata kwa matanga." Huyo simjali, ni koti tu lile linaongea. Lakini mama alishika mkono wangu akauliza, "Tata, nikifa usiku, nani atafungua mlango wangu asubuhi?" Huyo ndiye siwezi kumdharau. Maana ni mama huyuhuyu humpondea Bosi ndizi, humwimbia mpaka alale. Anampenda. Ujinga mwingine unaumiza kwa sababu umejaa mapenzi, na hauna hata adabu ya kukupa mtu wa kuchukia.

Basi nyinyi mabingwa wa nyumba za watu, semeni. Nimwache mama kwa boma peke yake, niende nikapange? Ama nikae mtoto mzuri wa mama, mwanangu akaze vidole tukingoja marehemu aamue? Asiniambie mtu niombe, naomba. Asiniambie mtu nivumilie, anayevumilia ni Bosi.

Na pale juu niliposema mke wangu yuko kando ananikuna mgongo, ni uongo. Alimbeba mtoto akaenda kwao Gesima, na akasema nisimfuate mpaka niwe na mlango ambao mama hana funguo yake. Huko kwao hakuna wa kuwafikisha kliniki. Niko peke yangu. Kiti bado kiko jikoni kwa mama, na kuku sasa ameatamia.