Mahindi Juu ya Mahindi

Mama Ndoo, kama majirani walivyomwita kwa sababu hakuonekana bila ndoo mkononi, alikuwa amekamua ng'ombe miaka ishirini na mbili na hakuwahi kumwogopa mtu zizini. Basi mumewe, dereva mstaafu, alipotangaza mezani kwamba amemwita mchinjaji aje amchukue Kidosho, mwanamke alisukuma sahani pembeni. Auzwe nani? Ng'ombe aliyewasomeshea watoto!

Kisa chenyewe kilikuwa shimo la sileji. Mzee alilichimba kwa mikono yake, akalijaza mahindi mabichi yaliyokatwakatwa, akayashindilia na kuyafunika kwa nailoni, na tangu hapo hakuna mgeni aliyeondoka bila kulazimishwa kunusa. Kidosho alikula akashiba, lakini maziwa yakashuka kutoka lita kumi na mbili hadi sita. Mzee akamwongezea sileji. Yakazidi kushuka. Akamwongezea pumba za mahindi. Mahindi juu ya mahindi, jamani! Kisha akatoa hukumu kwamba ng'ombe amezeeka.

"Hajazeeka," Mama Ndoo alimwambia. "Ana njaa na tumbo limejaa. Mahindi yanampa nguvu, lakini maziwa yanataka protini. Nipe wiki mbili."

Mzee alikubali huku amenuna, maana aliona shimo lake limetukanwa. Mke hakujali. Aliziondoa pumba, akaleta gunia la mashudu ya alizeti, yale makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa mafuta, akayachanganya na sileji mchana kweupe, mzee akimwona. Alianza na kopo moja kwa siku, akapandisha taratibu tumbo lizoee. Siku ya tano, hola. Mzee akapita akipiga mluzi. Mama Ndoo aliingiwa na hofu, tusidanganyane, ila hakurudi nyuma. Siku ya tisa zikapatikana lita nane.

Siku ya kumi na nne mchinjaji alifika asubuhi, kamba begani. Mama Ndoo alimaliza kukamua kwanza, akapima mbele yao. Lita kumi na moja.

"Kamba yako nzuri, kaka," alimwambia, "lakini humu zizini hakuna wa kufungwa."

Mchinjaji akamgeukia mzee, akamuuliza kama ndivyo. Mzee alikohoa, akainama kwenye gunia la mashudu, akachukua kopo.

"Mangapi?" akamuuliza mkewe, bila kumtazama.

"Manne. Na usimpunje."