Mahali Korongo Linapokata Kushoto

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, ambayo hadi leo wingu likitanda hunirudia. Ilikuwa miaka ya soko huria, kampuni za watu binafsi zimeanza kuja huku kwetu Ugogo kutafuta madini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya kumtafsiria Kigogo mtaalamu wa miamba, Bwana Sefu. Siku hiyo yeye alipanda kilimani, akatuacha mimi na mpishi wetu Yohana tupige hema. "Muulizeni mwenyeji kwanza," alisema.

Tulimkuta Bi Nyemo, mama mzee, akichunga mbuzi. Akaniambia kwa Kigogo, "Mjukuu wangu, msilale kwenye mchanga huo. Korongo la juu likifika kilimani linakata kushoto, linakuja hapa."

Nikatazama. Korongo lilielekea moja kwa moja kwenye bonde jingine, mbali kulia. Nikamwona bibi amechanganyikiwa. Msomi nilikuwa mimi.

"Anasemaje?" Yohana akauliza.

"Anasema pako salama."

Tukapiga hema pale mchangani, Yohana akajilaza ndani. Nikiokota kuni kilimani, niliona mvua imefunga kule juu. Nikimwambia, atajua nilimdanganya. Nikapiga hatua mbili, nikarudi. Labda mvua haitafika. Labda bibi alikosea. Ndipo nikasikia mngurumo.

"Yohana! Toka!"

Maji yalifika kilimani, yakakata kushoto hadi kwetu, vilevile alivyosema bibi. Yohana alitoka, lakini gogo likampiga mguu. Bi Nyemo alikuja mbio, tukamvuta Yohana kwa kanga ya bibi, mimi nikilia.

Baadaye Bwana Sefu alinieleza. Ardhi ilipasuka pale zamani sana, upande wa chini ukawa unateleza kushoto kidogo kidogo, ukakikata kilima na kulivuta korongo. Lile bonde la kulia ni njia ya kale ya korongo jingine, ilisogezwa hapo ikaachwa bila maji.

Hospitalini nilimwambia Yohana ukweli. Akasema, "Ungeniita tu ulipoliona wingu." Mguu haukunyooka tena.

Mwanangu, neno ulilopewa umfikishie mwenzio, lifikishe lote, hata kama huliamini. Na ukishakosea, usisimame kupima aibu yako huku mwenzako amelala njiani mwa maji. Piga kelele mapema. Mungu akupe ulimi mnyoofu, na kila anayekutegemea aamke salama.