Kengele ya baiskeli ya Papa

Leo Papa yangu amenipandisha mulima, na tulimuzika mwaka jana.

Nilitoka Wamaza na baiskeli yake, bidoni tatu za mafuta ya mawese nyuma. Katikati ya mulima miguu ikakataa. (Ninyi mulionicheka asubuhi nikifunga mizigo, someni vizuri.)

Nikapiga kengele yake.

Watu wakatoka mashambani mbio. "Iyo si kengele ya Papa Saidi?"

Wakanisukuma mpaka juu.

Mama mumoja, jembe iko mukononi, akaniambia: "Papa yako alikuwa akifika hapa, anashuka tena kusukuma wengine. Na nyumbani watoto saba mulikuwa munamungojea."

Kabla nipumue, nikasikia kengele ingine chini.

Nikaacha mafuta yangu palepale, nikashuka kusukuma.

Sasa semeni, mimi ni mutoto wa nani?